UZI: Bei ya kilo moja, lita moja, uniti moja. Tuzichore tuone nani analipa zaidi

#1 Chaki Nyeupe (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuja na hesabu ya kaunta ya mangi. Kila siku humu watu wanabishana: dumu linalipa kuliko kupima, boza la maji lina nafuu kuliko madumu, wa umeme wa uniti 75 wanafaidi kuliko sisi wengine. Ubishi hauishi kwa sababu mtu anataja bei anasahau kutaja kiasi, au anataja gunia bila kusema gunia la kilo ngapi. Karatasi moja ya daftari la hesabu na kalamu vinaumaliza.

Tuanze na sukari maana haina makuu. Tuseme kilo ni 3,000. Robo 750, nusu 1,500, kilo mbili na nusu 7,500. Chukua bei yoyote kati ya hizo, igawe kwa kilo zake, unarudi palepale kwenye 3,000. Huo ndio uwiano: kiasi kikiongezeka mara mbili, na hela inaongezeka mara mbili.

Sasa chora. Mstari wa chini, ule wa mlalo, weka kilo. Mstari wa kusimama weka shilingi. Weka nukta zako kisha pitisha rula. Zitakaa zote kwenye mstari mmoja, na ukiurudisha nyuma mstari huo utaangukia kwenye sifuri, kwa sababu asiyenunua kitu halipi kitu. Ukitaka bei ya kilo, simama kwenye 1 chini, panda hadi ukutane na mstari, soma pembeni.

Duka la pili linauza kilo kwa 2,800? Lichore kwenye karatasi ileile. Mstari wake utalala zaidi. Kwenye kilo moja tofauti ni 200, huenda hata hukuiona. Kwenye kilo 50 ni 10,000, na hapo mistari imeachana wazi.

Nawaachia hii ya mafuta ya kula. Bei ni za mfano, kwenye karatasi yako weka za mtaani kwako:

Robo lita: 1,500
Nusu lita: 2,750
Lita moja: 5,250
Dumu la lita 5: 24,000

Je, hapo kuna uwiano?

#2 Kisiki cha Mpingo

Uzi wote huu kwa ajili ya mafuta ya robo? Mkuu, simu zote zina kikokotoo. Gawanya, tembea.

#3 Binti Sayari

Nimegawanya kabla Kisiki hajamaliza kununa 😂

Robo inakupeleka kwenye 6,000 kwa lita. Nusu 5,500. Lita 5,250. Dumu 4,800. Hakuna uwiano hapo, kila kipimo kina bei yake ya lita. Anayenunua robo mara nne analipa 6,000 kwa mafuta yaleyale ambayo jirani kalipia 5,250.

#4 Chaki Nyeupe

Safi sana Binti Sayari. Na Kisiki, kugawanya ni sahihi kabisa, sijakataa. Ila kugawanya kumekupa namba nne zinazoshuka, basi. Hakujakwambia zinashuka kwa nini.

Chora hizo nukta tatu za kwanza, za robo, nusu na lita. Rula inazipitia zote tatu bila kuyumba! Kutoka robo kwenda nusu umeongeza robo lita, bei imepanda 1,250. Kutoka nusu kwenda lita umeongeza robo mbili, bei imepanda 2,500, yaani 1,250 mara mbili. Kwa hiyo kila lita unayoongeza ni 5,000 kamili, hapo hakuna ujanja wowote.

Ila urudishe mstari huo nyuma. Hauangukii sifuri. Unagota kwenye mstari wa kusimama, kwenye 250. Maana yake hata kabla tone la kwanza halijaingia kwenye chupa yako, tayari unadaiwa 250.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mstari kunyooka peke yake hakutoshi kuitwa uwiano. Unyooke na upite kwenye sifuri. Ukinyooka bila kupita sifuri, jua kuna malipo ya kuanzia yamefichwa humo ndani.

#5 Mangi wa Kona

Nimeitwa nimekuja. Malipo ya kuanzia hayajafichwa popote, mwalimu, ni jasho langu. Mteja wa robo na mteja wa lita wote wananikuta kwenye kiti, nainuka, nashika faneli, napima, nafuta kaunta, natafuta chenji. Kazi ni ileile. Mafuta yanabaki kwenye kipimo, mengine yanamwagika. Kuna anayekuja hana chupa, nampa mfuko wangu. Ukichaji robo kwa bei ya lita kugawa nne utafunga duka kabla ya Krismasi.

Dumu silipimi. Nalichukua kwenye rafu nakupa. Ndiyo maana lina bei yake.

#6 Chaki Nyeupe

Mangi umenisaidia kuliko kitabu. Ukifuata mstari wa kupima, lita tano zingekuwa 25,250. Yeye dumu anatoa kwa 24,000, kwa hiyo nukta ya dumu inakaa chini ya mstari. Grafu imeonyesha pale ambapo kazi ya kupima imekoma.

#7 Kisiki cha Mpingo

Haya, na sisi wa mafuta ya jero je? Au sisi hatuko kwenye grafu?

#8 Mangi wa Kona

Ya jero natoa mililita 80. Kipimo kipo, sibahatishi.

#9 Chaki Nyeupe

Kisiki uko kwenye grafu, tena mahali pazuri pa kutazamwa. Jero kwa mililita 80 ni sawa na 6,250 kwa lita, ndiyo bei ya juu kuliko zote kwenye orodha hii. Lakini angalia upande wa pili: kwa mstari wa Mangi, 250 ya kuanzia na 5,000 kwa lita, mililita 80 zilipaswa kuwa 650. Yeye kachukua 500. Angekomaa na mstari wake angekupa mililita 50 tu.

Kwa hiyo yote mawili ni kweli. Unalipa lita kwa bei mbaya kuliko wote, na bado Mangi kakupunguzia. Mtu mwenye jero mfukoni hana dumu la kuchagua, kwa hiyo kumwambia "nunua kwa jumla" ni kumpigia hadithi. Hilo grafu haiwezi kulitatua.

#10 Mama Wawili

Mwalimu samahani nakuingilia. Mwanangu yuko kidato cha pili, ana swali: grafu ni mstari unaotoka sifuri hadi kwenye nukta ya kilo 4 na shilingi 6,000, atafute bei ya kilo moja ya unga. Yeye kagawa 4 kwa 6,000 kapata sifuri nukta sifuri sifuri vitu. Nimemwambia kageuza lakini nashindwa kumweleza kwa nini.

Pia kuna jedwali la bei za daftari: 3 kwa 2,100, 5 kwa 3,500, dazeni kwa 7,800. Wanauliza kama lina uwiano.

#11 Chaki Nyeupe

Karibu sana Mama Wawili, wala hujaingilia.

Mwambie hesabu yake ni sahihi, ila kajibu swali jingine. Kilo kugawa kwa shilingi kunakwambia shilingi moja inanunua unga kiasi gani, ndiyo maana kapata kidogo namna ile. Azidishe jibu lake kwa 1,000: buku linanunua kama kilo 0.67. Ni jibu zuri kwa mtu anayeenda dukani na buku. Swali lake liliuliza bei ya kilo, kwa hiyo shilingi zinakaa juu: 6,000 kugawa 4 ni 1,500. Kisha arudi kwenye grafu, asimame kwenye kilo 1, apande. Mstari utamkuta kwenye 1,500. Asiishie kwenye kugawa tu, aione na kwa macho.

Mfundishe aandike vipimo pembeni ya namba kila hatua, "shilingi kwa kilo". Mtoto anayeandika vipimo hageuzi.

Za daftari: 700, 700, halafu dazeni inatoka 650. Mbili za kwanza zina uwiano, ya tatu inaharibu. Jibu ni hapana. Wanapenda kuficha mtego kwenye safu ya mwisho, kwa hiyo asikague mbili akatulia.

#12 Taa ya Chemli

Nimekuwa nasoma kimyakimya. Swali langu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwanzo wa mwezi nanunua ya 5,000 napata uniti chache, katikati ya mwezi hiyohiyo 5,000 inaleta nyingi. Umeme una bei mbili?

#13 Fundi Nyaya

Bei moja mkuu. Kama uko T1, kundi la wateja wengi wa kawaida, uniti ni shilingi 292 kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016. Juu yake VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3%, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1%. Jumla 22%, inakuwa 356.24.

Kinachokula uniti zako mwanzo wa mwezi ni kodi ya majengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukiruka mwezi hujanunua, inakusubiri.

#14 Chaki Nyeupe

Fundi, asante. Hii ni kama 250 ya Mangi, isipokuwa hii inalipwa mara moja kwa mwezi badala ya kila unaponunua.

Taa, hesabu yako hii hapa. Katikati ya mwezi: 5,000 ÷ 356.24 = uniti 14. Mwanzo wa mwezi inabaki 3,500, unapata 9.8. Kwa macho yako uniti imekuwa 509! Anayenunua ya msimbazi mwanzo wa mwezi anapata 23.9, kwake uniti inaonekana 419. Wa 50,000 anapata 136 na uniti inaonekana 367. Kadiri unavyonunua nyingi ndivyo ile 1,500 inavyotawanyika, lakini kodi uliyolipa ni ileile. Usijisifu umepata punguzo.

Kwenye grafu, chini weka uniti, juu hela. Mstari unaanzia 1,500, na kila uniti unapanda 356.24. Ukitaka bei ya kweli ya uniti, usigawe hela yote kwa uniti zote. Chukua nukta mbili, tafuta hela imeongezeka ngapi na uniti zimeongezeka ngapi, kisha gawanya. Jaribu na 5,000 na 10,000 za mwanzo wa mwezi: hela imeongezeka 5,000, uniti zimeongezeka 14.04. Unarudi kwenye 356.

#15 Uniti Sabini na Tano

Sisi wa D1, kundi la watumiaji wadogo, tunawasoma tu tukitabasamu. Elfu tisa mia na hamsini, uniti 75, mwezi unakwisha.

#16 Fundi Nyaya

Tabasamu ukiwa ndani ya 75. D1 ni shilingi 100 kabla ya kodi, 122 ukiweka zote. Uniti ya 76 kwenda juu ni 350 kabla ya kodi, 427 nazo zikiwemo. Na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1.

#17 Chaki Nyeupe

Hii ichoreni wakuu, ni nzuri kuliko ya mafuta. Kutoka sifuri hadi 75 mstari unalala kabisa, uwiano safi, 122 kila uniti. Ukifika 75 unavunjika na kupanda ghafla, mkali kuliko hata T1. Ya mafuta ilikuwa inalala zaidi kadiri unavyonunua, hii inasimama zaidi. Muuza duka anakubembeleza ununue zaidi, kiwango cha D1 kinakuambia tumia kidogo.

Mtu wa D1 akitumia uniti 100 analipa 9,150 kwa zile 75 na 10,675 kwa 25 za juu. Jumla 19,825. Wa T1 kwa uniti hizohizo, tuiweke kando kodi ya majengo, ni 35,624. Kwa hiyo hata akivuka bado yuko chini. Mistari hiyo miwili ingekutana kwenye uniti kama 323, lakini hakuna atakayeachwa D1 hadi afike huko, kwa hiyo makutano hayo yanabaki kwenye karatasi.

#18 Shamba la Mlimani

Mimi mkulima wa viazi, Njombe. Mwalimu nichoree na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kiasi.

#19 Chaki Nyeupe

Lumbesa ni rahisi kuchora na inauma kuitazama. Tuseme gunia ni 70,000. Likiwa na kilo 100, kilo ni 700. Dalali akishonea kilemba juu likafika kilo 130, hela ni ileile 70,000. Nukta yako haikupanda hata kidogo, imeteleza kwenda kulia. Vuta mstari kutoka sifuri hadi kwenye nukta hiyo mpya, umelala. Kilo imekuwa 538. Kilo 30 zilizoongezwa, kwa bei ya 700, ni 21,000 kwa kila gunia.

Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo wanasimamia ukomo wa kilo 100 na mizani shambani. Bei "kwa gunia" haina maana mpaka gunia liwe na kilo zinazojulikana.

#20 Shamba la Mlimani

Mizani ikija dalali anasema haraka ana gari linasubiri. Ila hiyo 21,000 nitamwandikia kwenye kiganja.

#21 Namanga Moja

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko upande wa Kenya, biashara yangu ni mahindi. Hilo la gunia limetuchezesha sana hapa mpakani, kwa sababu gunia letu ni kilo 90 na lenu ni 100.

Mfano tu, si bei ya leo: hapa gunia shilingi 3,600, kwenu 80,000. Tuseme moja yetu ni ishirini zenu. Mtu anazidisha 3,600 kwa 20, anapata 72,000, anakimbia kununua Kenya akidhani ameokoa 8,000. Gawa kwa kilo sasa. 3,600 kwa 90 ni 40, mara 20 ni 800. Na 80,000 kwa 100 ni 800. Bei ni moja! Amelipa nauli ya lori bure.

Rejareja nako tuna gorogoro, ule mkebe wa kama kilo mbili. Ukibonyezwa tumbo kidogo, bei ya kilo imepanda na hakuna aliyetamka neno.

#22 Chaki Nyeupe

Namanga Moja, hii nitaifundishia, kwa ruhusa yako. Na mkebe au debe vinapima ujazo, kwa hiyo debe la mahindi na debe la mpunga hayana kilo sawa. Usihamishe bei ya debe la hiki kwenda kwa kile.

Jambo moja kwa wanaotumiwa grafu na wauzaji: tazama nini kimewekwa wapi. Kama chini ni hela na juu ni kiasi, basi mstari uliosimama zaidi ndio wa bei nafuu, kinyume cha tulivyochora hapa. Tazama pia kama mstari wa kusimama umeanzia sifuri. Ukianzia 2,700, tofauti ya 2,800 na 3,000 itaonekana kama mlima.

Anayetaka kuona uwiano usio na kona aende kituo cha mafuta. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, pampu inahesabu lita na hela pamoja kutoka sifuri, na lita ya kwanza ina bei sawa na ya arobaini.

#23 Kisiki cha Mpingo

Nakubali yaishe, nina swali la kweli. Nanunua maji ya madumu, lita 20 kwa jero. Boza la lita 5,000 wanataka 75,000, lakini sina tangi, na tangi nimeambiwa 900,000. Nyumbani tunatumia madumu kumi kwa siku. Ninunue tangi?

#24 Binti Sayari

Niachie hii mwalimu.

Dumu: 500 kwa lita 20, sawa na 25 kwa lita, mstari unaanzia sifuri. Boza: 75,000 kwa lita 5,000, sawa na 15 kwa lita, lakini mstari unaanzia 900,000 kwa sababu ya tangi. Kila lita ya boza inakuokolea 10. Tangi litajilipa ukifikisha lita 90,000, yaani maboza 18. Kabla ya hapo mstari wa madumu uko chini, baada ya hapo wa boza uko chini.

Madumu kumi ni lita 200 kwa siku. Lita 90,000 ni siku 450. Miezi kumi na tano hivi.

#25 Kisiki cha Mpingo

Nimepanga, mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Na mwenye nyumba hatabiriki.

#26 Binti Sayari

Basi mistari yako haikutani ukiwa kwenye nyumba hiyo. Muulize jirani wa mlango wa pili kama naye ananunua madumu kumi. Mkichangia tangi, nyumba mbili zinafikisha lita 90,000 kwa siku 225. Ila andikishianeni tangi ni la nani mkihama.